Alama Hamsini na Nne

Daegu, 12 Aprili 2022

Kwa dada yangu Jeong-nim,

Naanza kwa kukuulizia mgongo, maana najua mwezi huu unashinda umeinama ndani ya vibanda vya plastiki ukichuma matikiti, na najua pia kwamba hata ukikuuma husemi. Kikohozi cha shemeji je? Mwambie dawa niliyomtumia anywe baada ya kula, asiishushie na pombe ya mchele kama alivyofanya mwaka jana. Sisi huku miili ni mizima. Maua ya barabarani yameshapukutika, lakini asubuhi bado kuna ubaridi. Binti yako Na-ri anakwenda kazini, anarudi, anadonoa chakula, analala.

Utajiuliza kwa nini naandika barua badala ya kupiga simu, na kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo wa saa moja tu. Dada, simu zako unazipokea kwa spika ukiwa ghalani, na akina mama wote wanaofunga matikiti wamekaa wanasikiliza. Juzi nilipokwambia habari za tumbo langu, kesho yake watu wanne walinipigia kunipa pole ya tumbo. Ninayotaka kukwambia leo si ya ghala zima. Kaa chini uyasome mpaka mwisho, usinyanyuke katikati kwa hasira.

Ulipoambiwa kwamba mkutano wa wazazi wa pande mbili umeahirishwa kwa sababu goti la Mama Gyu-min limevimba, uliamini, ukampelekea sanduku la matikiti ya kwanza ya msimu. Liliporudishwa hata kufunguliwa halijafunguliwa, ulinipigia ukiwaka moto. Ulisema mwanamke yule hana adabu, na kama kinachomtia kiburi ni huyo mwanawe fundi wa meno bandia, basi wewe meno yako yote unayo na humhitaji. Nilicheka, nikakuaga haraka. Goti lake halina kitu, dada. Uchumba wa Na-ri na Gyu-min umevunjika, na kilichouvunja ni karatasi iliyotoka ofisini kwetu. Aliyeiandika ni mimi.

Kazi yangu unaijua juujuu tu, kwamba niko kwa washenga. Bi. Tak mwenye ofisi alijipatia jina mjini kwa jedwali lake. Zamani mama wa bwana harusi aliuliza mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa kwa binti, akatosheka. Baadaye wakaanza kuulizana aina ya damu. Siku hizi vijana hawamalizi hata kikombe cha kahawa kabla ya kuulizana zile herufi nne za tabia zitokazo kwenye mtihani wa simuni, na mtu akisema hajui herufi zake wanamtazama kama hana kitambulisho. Bi. Tak hakutaka kugombana na zama. Alizipima zote tatu pamoja: damu alama ishirini, herufi thelathini, kuzaliwa hamsini. Asiyefika sitini karatasi yake hugongwa muhuri mwekundu wa kukataliwa. Jedwali hilo nimelijenga mimi kwa miaka kumi na moja, nikilinganisha mizani moja na nyingine mpaka macho yakaomba miwani.

Na nikwambie siri ya kazi: mizani hizo hazisikilizani. Nina daftari la ndoa mia sita na kumi na mbili. Damu ya mtu inasema ni mwoga, herufi zake zinasema amezaliwa kuongoza, saa yake ya kuzaliwa inasema ni maji yaliyotulia. Nilitaka kujua kama wale wenye moto mwingi katika kuzaliwa kwao ndio haohao ambao herufi zao zinasema wanapenda watu na sherehe. Nusu ndiyo, nusu siyo. Hata kurusha sarafu kungenipa jibu lilelile. Wapo waliopata tisini wakaachana mtoto hajatembea. Wapo wa arobaini na moja wanaouza maandazi ya nyama hapa sokoni, wanagombana kutwa na kuachana hawaachani. Nilipomweleza Bi. Tak aliniambia nilifunge daftari langu. Alisema, “Mal-sun, mteja haji hapa kununua ukweli. Anakuja kununua usingizi.”

Mama Gyu-min alikuja Jumanne ya mwisho ya Machi. Mimi nilimjua kwa picha alizonionyesha Na-ri, yeye hakunijua kabisa. Alikaa mbele yangu na kikombe cha chai ya shayiri akanieleza shida yake. Mtoto wake wa kwanza alioa bila kujali alama, mke akaondoka mwaka wa pili, na tangu hapo kijana hapokei simu ya mama yake, kana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza. Alisema amebakiwa na mmoja, na kwa huyu hachezi bahati nasibu. Nilimwonea huruma, dada. Kisha akatoa bahasha, na ndani yake kulikuwa na jina la mtoto wetu.

Sheria ya ofisi ni kwamba akija ndugu yako, unasimama, unasema, unampa mwenzako kazi. Sikusimama. Nilikuwa bado natafuta maneno aliponiambia kwamba msichana mwenyewe hana neno, ila kuna jambo linalomkera. Amelelewa hapa mjini na mama yake mdogo, mwanamke ambaye hajaolewa mpaka nywele zimeota mvi, tena eti wa mwaka wa Farasi, mwaka wa wanawake wakaidi. Akainama akaninong’oneza, “Ukikaa na Farasi jike miaka kumi na minane, dada yangu, hata uwe kondoo utajifunza teke.” Akacheka kidogo, akanisogezea kikombe nimwongezee chai. Nikamwongezea.

Wewe unakumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na mama wa mtu fulani aliutazama mwaka wangu wa kuzaliwa tu, akanikataa. Uso wangu hakuutazama. Tangu siku ile sikupelekwa tena mbele ya mama wa mtu yeyote. Ulinifariji wakati ule kwa kusema kwamba watoto wako ni wangu, na Na-ri alipofika umri wa sekondari ya juu ulimleta kwangu na begi moja na gunia la mchele.

Nilimpa Mama Gyu-min karatasi yake kabla ya saa sita mchana. Ilisema alama hamsini na nne. Muhuri niliugonga mwenyewe.

Yaliyofuata unayajua nusu. Gyu-min alikuja mpaka mlangoni kwetu, akasema hata ingekuwa sifuri angemwoa. Na-ri ndiye aliyekataa. Alimwambia kwamba hataingia nyumba ambayo kila mtu akikohoa atatazamwa yeye. Kijana aliondoka akilia mbele za watu, na mama yake akagoma kula mpaka mwanawe akubali kukutana na msichana mwingine. Amekubali. Ni Jumamosi hii saa tisa alasiri, na aliyepanga ni Bi. Tak.

Sasa nikwambie ninachokiona mezani kila asubuhi, maana hicho ndicho kimenishinda. Na-ri anaweka simu kando ya bakuli la uji na kufanya ule mtihani wa herufi upya. Maswali yake ni marefu, uji unapoa. Anajibu kana kwamba ni mtu mwingine, ili atoke na herufi atakazozipenda mama mkwe. Wiki iliyopita aliniuliza bila kuinua uso, “Mama mdogo, nikisema napenda sherehe, ni uongo mkubwa sana?” Mtoto huyu aliyekuwa akijificha bafuni siku zake mwenyewe za kuzaliwa. Nilimwambia ale.

Jana akaniuliza lingine. Alisema, “Wewe si ulikuwepo nilipozaliwa? Una hakika na saa? Maana damu siwezi kuibadilisha, herufi nimehangaika nazo nimechoka, imebaki saa tu.” Nikamjibu kwamba nina hakika, kwamba wewe ulikuwa hoi kitandani na daktari akaniambia nitazame ukutani, na ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Akasema basi. Akaosha bakuli lake akaenda kazini.

Nilichomjibu ni kweli, na ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Dada, ilikuwa Julai 1988. Kiangazi kile na kile kilichokitangulia, serikali ilisogeza saa za nchi nzima mbele kwa saa moja. Wewe na shemeji mlilalamika kwamba ng’ombe hawasomi magazeti. Watu wameshasahau, lakini katika kazi yetu hilo ni somo la siku ya kwanza. Kalenda ya miaka ile miwili imebandikwa ndani ya mlango wa kabati yangu, na kila aliyezaliwa katika viangazi hivyo tunamtolea saa moja kabla ya kumpima. Nimeitoa kwa mamia ya watu. Na-ri sikumtolea.

Ukiitoa, amezaliwa saa ya Chui Milia, ambayo kwa hesabu yetu huisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa hiyo na siku aliyozaliwa Gyu-min ni chanda na pete. Usipoitoa, anaangukia saa ya Sungura, ambayo hupingana na siku ileile. Kosa hilo moja tu linatosha. Bi. Tak hukagua kila karatasi, lakini siku ile alikuwa kwa daktari wa macho.

Alama zao za kweli ni tisini na tatu. Nilizihesabu kwanza kwenye karatasi ya pembeni, Mama Gyu-min akiwa anapuliza chai yake. Damu ilikubali, herufi zikakubali, kuzaliwa kukakubali. Katika ndoa mia sita na kumi na mbili sijawahi kuona zote tatu zikisema neno moja kwa sauti kubwa namna ile. Mimi sina imani nazo, unanijua. Lakini nilipoziona nilishikwa na hofu, kwa sababu sikuwa na kisingizio tena cha kutumaini kwamba Na-ri atabaki. Wangehamia mji wa Ulsan mwezi wa kumi. Alishaniuliza kama anaweza kuchukua ile sufuria nyeusi ya jikoni kwangu.

Nisijifiche nyuma ya ulimi wa mwanamke yule. Maneno ya Farasi yaliniuma, ndiyo, lakini kalamu nilikuwa nimeshaiinua kabla hajayasema. Nilimwonea wivu mtoto niliyemlea. Niliiogopa nyumba yangu bila yeye. Nilichofanyiwa mimi na mwanamke ambaye leo hata jina lake silikumbuki, nimemfanyia Na-ri nikiwa najua ladha yake.

Jana alipotoka sikuweza kukaa. Nilikwenda kwa Bi. Tak nikamwambia yote. Hakupiga kelele, alinyoosha mkono nimpe funguo. Kisha nikaenda kwa Mama Gyu-min nikapiga magoti sebuleni kwake. Alinisikiliza muda mrefu, halafu akauliza, “Kwa hiyo yule Farasi ni wewe?” Nikasema ni mimi. Akasema, “Na teke ndilo hilo.”

Nilimpa hesabu mpya, akairudisha. Alisema aliyemdanganya kushusha hatashindwa kudanganya kupandisha, na mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Ana haki. Lakini nilipokuwa navaa viatu mlangoni alinena jingine. Alisema yuko mtaalamu anayemwamini yeye, mzee asiyenijua, na anaweza kwenda naye upya kabla ya Jumamosi. Ila saa ataisikia kutoka kinywani mwa aliyezaa, uso kwa uso, na cheti cha zahanati mkononi. Kutoka kwangu hataki kusikia hata kama kumekucha.

Kwa hiyo nakuomba, dada, na najua uzito wa ninachokuomba. Barua hii naituma kwa mjumbe wa pikipiki, utaipata leo kabla ya jioni. Njoo Alhamisi na hicho cheti. Ukakae mbele ya mwanamke aliyekurudishia matikiti yako, umwambie mtoto wako alizaliwa lini na saa ngapi, na kwamba saa zote za nchi zilikuwa zimesogezwa. Akikuumiza kwa maneno, vumilia, kwa sababu aibu hiyo ni yangu na nimekubebesha wewe. Ikiwa hutaki kuniona, nitakuwa nimetoka. Ufunguo wa nyumba uko kwa jirani.

Na-ri bado hajui. Kesho asubuhi, kabla hajaifungua simu yake mezani, nitamwambia. Sijui atafanya nini. Akija kwako na mabegi yake, mfungulie. Asipotaka kulisikia jina langu, usimlazimishe. Wala usimwambie kwamba nilifanya hivyo kwa sababu nampenda. Ameishi nami miaka kumi na minane, hilo atalijua mwenyewe, na ndilo litakalomuumiza kuliko uongo wenyewe.

Nisalimie shemeji, na akina mama wa ghalani, ambao safari hii sitawaficha, waambie tu ukiona inafaa. Jikande mgongo kwa maji ya moto kabla ya kulala. Nakuinamia mpaka chini.

Mdogo wako,
Mal-sun