Pete za Mjusi wa Ole

Shikamoo Bibi, na macho yako nayo shikamoo!

Nakuandikia kutoka Ole, Pemba, vidole vikinuka spiriti na tumbo limejaa muhogo wa nazi. Yule mjusi asiye na miguu niliyekwambia, anayeishi udongoni kama nyungunyungu, tumempata mzima, kichwa hadi mkia. Wa mwanzo wote waliletwa wamekatwa jembe, maana wakulima humdhania nyoka wa vichwa viwili. Huyu kafukuliwa na mwenyeji wangu, Bi Time, kwa mikono yake, kwenye tuta la muhogo.

Mwili wake ni pete tupu, na idadi ya pete ndiyo inayomtenga na ndugu zake wa bara. Nikakaa barazani kuzihesabu kwa ncha ya pini, Bi Time pembeni anasuka ukili wa mkeka, jicho kwangu. Nilipomaliza akasema, "Pini yako imeruka moja, mwanangu, pale karibu na mkia. Nyie wasomi mwahesabu mbiombio."

Nikabisha. Nikatazama kwa lenzi: kweli, nimeruka.

Basi nikafuta yote nikaanza upya shingoni, mara tatu. Sasa sina shaka, idadi si ile ya wa bara, ni aina mpya, na nitasema hivyo mbele ya yeyote.

Unakumbuka uliponifumulia mkeka mzima kwa mwaa mmoja tu wa ukindu niliokosea, nikalia hadi magharibi? Leo nimefumua kwa mkono wangu, wala sikulia. Mungu akuzidishie nuru ya macho. Usianze mkeka mpya kabla sijafika.

Mjukuu wako,
Saumu