Tarehe Niliyoirudisha Nyuma

Baraka, mume wangu mdogo,

Hapa Parkdale tu wazima. Mama yako yuko zamu, lifti imeharibika tena, nami nashuka ngazi kama mtoto anayejifunza kutembea.

Unaniambia kwamba huko pwani ya Ujerumani umekataa zabuni ya mkandarasi aliyechelewa dakika nne, akakulilia kwenye simu. Unauliza kama una roho mbaya.

Mimi niliwahi kupokea zabuni ya namna hiyo, Baraka. Nilikuwa karani wa zabuni halmashauri kule nyumbani, bado msichana. Bahasha za kuezeka wodi ya wazazi zilikuwa zimefunguliwa na bei kusomwa jana yake, ndipo bwana mmoja mpole akaja na yake. Alisema ana watoto. Nikazungusha vigurudumu vya muhuri, nikarudisha tarehe siku moja, nikagonga. Nikawaambia wakubwa ilibaki ndani ya sanduku la zabuni, chini kabisa. Bei yake ikawa chini kuliko zote, akapewa kazi.

Hofu ilinijia baadaye. Viatu vikilia koridoni, nilidhani wamekuja kunichukua. Hawakuja kamwe, na hofu haikuondoka.

Mwaka uliofuata nilipelekwa wodi hiyohiyo kumzaa mama yako. Mvua ilikuwa kubwa, upepo ukiinua mabati na kuyaachia. Mkunga alinisihi nifumbe macho nisukume.

Sikuweza kuyafumba, mjukuu wangu. Nilikuwa nalitazama paa.

Bibi yako