Zamu ya Chifu Kulima kwa Susu

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Darasa nusu tupu tena. Wanafunzi wakubwa wako na mama zao kwenye shamba la Chifu Muthama, wanachimba matuta — kazi ya pamoja, mwethya wa serikali. Susu hakwenda. Bibi yangu huyu, nami mjukuu wake ndiye mwalimu! Pembe ya kuita watu kazini ililia asubuhi, yeye akabaki uani akipukuchua kunde.

Jioni chifu alinisimamisha njiani. Mwalimu, mwambie bibi yako aje Alhamisi, la sivyo askari watamfuata. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Septemba
Nimemwambia. Akacheka! Anasema kwa chifu ameshalima. Sasa ni zamu ya chifu kuja kwake na jembe. Mwethya ndivyo ulivyo — leo kwako, kesho kwangu. Nikamweleza kazi ya serikali haina zamu. Basi si mwethya, akasema, akaendelea na kunde zake.

Kichwa kinaniuma. Matuta yanazuia udongo usichukuliwe na mvua, mimi mwenyewe nafundisha hivyo. Lakini Susu hajakosea. Au amekosea? Wakimfunga je, na miguu yake ile?

Jumatano, 5 Septemba
Balaa! Susu kanituma nikamwalike chifu. Kesho, kabla ya jua kali, aje na jembe lake. Nilikataa. Akasema mamake Muthama alimlimia, naye akamlimia mama huyo, Muthama mwenyewe akiwa mgongoni mwa Susu analia. Kisha: wewe una jina langu, Nthenya. Nikifa, utamwita nani aje kukulimia?

Nilikwenda. Nilisema yote nikiangalia viatu vya chifu. Akauliza kama Susu bado anapika isyo, yale mahindi ya kuchemsha na kunde. Sasa hiyo ni nini — hasira au njaa?

Alhamisi, 6 Septemba
Shule sikwenda, naogopa kumwacha. Susu amepika chungu kizima cha isyo, mahindi na kunde za kulisha kijiji! Pembe imelia huko bondeni, hakugeuka. Akanipa jembe la mpini mfupi, tukaanza tuta letu wenyewe. Nimeingia jikoni kuchochea moto, naandika upesi.

Mbwa anabweka. Nimechungulia. Chifu anapanda njia, jembe begani! La kulimia hapa, au anamletea Susu akalime kule? Nyuma yake askari wawili. Hao hawana jembe.

Susu hata hajauliza wamejia nini. Ananiita — nilete bakuli tatu, za wageni.