Zamu ya Alhamisi

Jumapili, jioni. Wingu limekaa juu ya Meru tangu asubuhi, zito, jeusi, na halijatoa hata tone. Kiangazi cha mwaka huu kina dharau.

Leo nimepigiwa vigelegele nyuma ya kanisa. Nimeshikwa mikono, nimeombewa, mchungaji amesema Jumapili ijayo atanitaja kwenye ibada. Nimerudi nyumbani nikafunga mlango, nikakaa jikoni bila hata kuvua viatu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa na darasa langu la kipaimara. Watoto kumi na wanane, wengi wana miaka kumi na tatu, kumi na nne, umri wa kupiga miayo bila kuziba mdomo. Somo lilikuwa waumini wa kwanza, jinsi walivyoishi pamoja, walivyokula pamoja, na jinsi hakuna aliyesema kitu ni changu peke yangu. Somo nalipenda, lakini niliona macho yao yameshaondoka darasani. Basi nikawaambia kila mmoja ataje kitu alicho nacho zaidi ya kinachomtosha. Wakataja viatu, wakataja madaftari, mmoja akasema ana dada watano na yuko tayari kugawa wawili. Tukacheka.

Ndipo Aneth akanyoosha mkono. Aneth ni mjukuu wa Bibi Ruthi, jirani yangu wa upande wa chini. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Na wewe, Mwalimu?"

Ningeweza kusema vikombe.

Nikasema, "Mimi nina zamu mbili za maji." Nilisema kwa ile sauti yangu ya utakatifu ambayo mume wangu, Baba Glory, huwa anaiigiza akitaka kuniudhi. Kisha nikaongeza kwamba wale waumini wa kwanza wangejua la kufanya. Nikafunga somo kwa sala. Nilijisikia mwalimu hodari sana siku ile.

Kwa msiotoka huku mlimani: mfereji wetu unashuka kutoka juu msituni na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia maji shambani. Yetu ni Jumatatu. Alhamisi ilikuwa ya mama mkwe. Alifariki mwaka jana, nyumba yake imefungwa, lakini Alhamisi yake tunaendelea kuichukua sisi, na hakuna aliyeuliza. Hiyo Alhamisi ndiyo ninayonyweshea karoti zangu. Bibi Ruthi naye alikuwa na zamu yake, akanyang'anywa mwezi wa sita kwa sababu hakutokea siku mbili za kusafisha mfereji. Alikuwa hospitali akimuuguza binti yake, mama yake Aneth. Lakini sheria ya mfereji haina hospitali. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono.

Mkono wangu nao ulikuwa juu. Hili sijawahi kuliandika popote.

Alhamisi iliyopita nikaenda shambani na jembe langu, saa kumi jioni. Mfereji mdogo unaoingia kwangu ulikuwa umezibwa kwa mawe na vipande vya mgomba, mkavu. Nikatupa macho chini, nikaona maji yanameta kwenye migomba ya Bibi Ruthi. Nilitukana. Nilitukana kwa sauti, peke yangu katikati ya karoti, maneno ambayo mwalimu wa kipaimara hapaswi hata kuyajua. Halafu nikampigia simu Mzee Anaeli, mwenyekiti wa mfereji, nikamwambia kuna mtu ameiba maji yangu na nataka kikao.

Kikao kikaitishwa leo baada ya ibada. Tukakaa kwenye mabenchi ya kwaya nyuma ya kanisa. Mzee Anaeli akasema aliyefungulia ameshajulikana, maana mtu mmoja wa juu aliwaona. Nikasubiri jina. Wakaletwa watoto sita.

Wa kwangu. Watoto sita wa darasa langu, na Aneth mbele.

Walikuwa wamevaa nguo za kanisani, wanaangalia viatu vyao. Nikaelewa palepale. Walisikia somo, wakasikia zamu mbili, wakajua la kufanya. Labda walidhani nimewatuma kwa mafumbo, kama watu wazima tunavyowatuma siku zote. Labda walijua vizuri kwamba sikuwatuma. Mpaka sasa sijui, na naogopa kuwauliza.

Sheria ya mfereji kwa anayefungulia nje ya zamu ni moja: nyumba yake inakosa maji kiangazi chote. Watoto sita, nyumba tano, maana ya Bibi Ruthi ilishanyang'anywa zamu. Mzee Anaeli akauliza nani aliwatuma. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia polepole, ana ng'ombe na kitalu cha miche ya kahawa, na Septemba ndiyo kwanza imeanza.

Nikasimama. "Niliwatuma mimi," nikasema. "Alhamisi nimempa Bibi Ruthi."

Vigelegele vilianza kabla sijakaa.

Bibi Ruthi alikuja akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa na kinyongo na wewe tangu ile siku mliyonyoosha mikono. Nisamehe." Yeye ndiye ananiomba mimi msamaha! Nilitamani benchi linimeze.

Mzee Anaeli peke yake hakupiga makofi. Alinitazama, na simu yangu ya Alhamisi ilikuwa machoni mwake. Angeweza kunivua nguo pale mbele ya watu wote. Akasema tu kwamba kama mwenye maji amesema ametoa, basi hakuna kesi, watu waende wakale.

Sasa nimebanwa, na kila upande ninaojaribu kugeukia kuna mtu amesimama. Nikisema ukweli kikaoni, nyumba tano zinakosa maji kwa ajili ya somo langu. Nikinyamaza, nasifiwa kwa kitu ambacho sikukifanya. Nikiendelea kutoa, karoti zinakauka, na ile ni zamu ya nyumba ya mama mkwe, siyo yangu kuigawa nikijisikia. Shemeji yangu wa Kimandolu ameshapata habari, sijui nani alimpelekea upesi hivyo. Ameniandikia ujumbe wa maneno manne: umegawa maji ya mama. Baba Glory yuko kazini Momela na simu yake leo haijapatikana. Au inapatikana kwa wengine.

Na somo la Jumamosi ijayo sikulichagua mimi. Linafuata tu kwenye mpangilio, maana jana hatukuwa na darasa. Ni habari ya yule mume na mke, kati ya waumini walewale wa kwanza, waliouza shamba, wakaficha sehemu, wakaja mbele ya wenzao kujifanya wameleta chote. Kila mwaka nawaeleza watoto kwamba hakuna aliyewalazimisha kutoa. Shamba lilikuwa lao, wangeweza kubaki nalo na wasingelaumiwa. Walitaka sifa ya kutoa bila maumivu yake. Kila mwaka naeleza vizuri sana.

Nikiwa njiani kurudi nilishapanga: nitaacha Alhamisi moja, mbili, watu waone. Watoto wakishabarikiwa kipaimara chao, mambo yakipoa, nitairudisha taratibu. Nilikuwa napanga hivyo huku nikiitikia salamu za watu wanaonipongeza.

Saa kumi na moja hivi Aneth alibisha hodi. Bibi yake alimtuma na mkungu mdogo wa ndizi, zile ambazo yeye mwenyewe hana za kutosha. Akaniamkia shikamoo, akautua mkungu mlangoni, na hakuondoka.

"Mwalimu," akasema, "wewe hukututuma."

Hakuwa ananisuta. Alisema tu, kama mtoto anayeonyesha kwamba kifungo chako kimefunguka.

Nikamwambia arudi nyumbani, giza linaingia. Jua lilikuwa bado liko juu ya mgomba.

Akasema ndiyo Mwalimu, akaenda. Nilimtazama mpaka akakata kona, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima yeyote. Mzee Anaeli anajua nimedanganya. Aneth anajua nimedanganya. Wale wengine watano wanajua. Bibi Ruthi hajui, na yeye ndiye aliyenipa ndizi.

Basi nimeamua, na naandika hapa ili nisigeuke kesho asubuhi. Blogu hii inasomwa na watu kumi na mmoja, mmoja ni mdogo wangu wa Kijenge na hawezi kutunza siri, kwa hiyo ni sawa na kutangaza. Majina nimeyabadilisha kwa ajili ya watoto. Mzee mwenyewe kesi ameshaifunga.

Baba Glory nitamtafuta mpaka nimpate, asikie kwangu kabla ya kusikia kwa mdogo wake wa Kimandolu. Atakasirika, na ana haki. Kwa Bibi Ruthi nitapeleka miguu yangu mwenyewe, nimwambie kwamba mtu aliyempigia simu Mzee Anaeli ni mimi. Jumamosi nitawaambia watoto kabla ya kufungua kitabu.

Lakini kabla ya Jumamosi kuna Alhamisi. Sina moyo mkunjufu, nisidanganye tena. Karoti zangu nazipenda, na zilikuwa zimebakiza wiki tano tu. Hata hivyo saa kumi nitapanda na jembe mpaka pale mfereji unapogawanyika, nizibe upande wangu kwa mawe, niyageuze maji yateremke kwa Bibi Ruthi, nisimame pale mpaka niyaone yamefika kwenye migomba.

Safari hii nitafungulia mwenyewe.