Vipande vya Miti mu Kitunga

Walikale, mu kambi ya kampuni

Vumilia, mudogo wangu wa tumbo moja,

Uko muzima? Magoti inakuuma bado wakati wa mvua, ao ulikuwa unadanganya tu ili usilime? Batoto beko? Ngombe ziko? Mimi niko. Jino moja ya mbele imeenda, lakini ulimi imebaki. Mama wa katekista njo ananiandikia hii barua, juu mimi na kalamu hatujuane. Nimemwambia aandike vile nasema, asitie asali.

Nina wivu, Vumilia. Naanzia pale, juu wakiendelea kukusomea utaisikia tu.

Wiki iliyopita muzungu mwanamuke alifika hapa kambini, Madamu mwembamba mwenye saa mu mukono na makasha mbili. Hakuleta sindano. Alikuja kupima akili ya batoto. Nikauliza, "Akili wanaipimaka na nini? Na kilo?" Bantu bakacheka. Kumbe ni kama michezo: kuunganisha vipande vya miti mpaka vitoe picha, kufuata njia mu karatasi, kusema nini inakosekana mu sura ya muntu. Mutoto akishinda anaingia shule ya masista, analala kule kule, anatoka mwalimu.

Nikamuogesha Riziki mpaka akalia. Unamujua kwa jina tu: binti ya Yosefu wangu. Mama yake alikufa mutoto akingali ananyonya, mimi njo nilimutafunia chakula.

Bakaita batoto tatu kwa tatu. Riziki akaingia pamoja na Anjelina, mujukuu wa muke wa kapita, musimamizi wa bafanyakazi. Sisi bakoko, bibi zao, tukabaki inje. Siku ya pili karani akasoma majina. Anjelina yuko. Riziki hayuko. Tena karani akaongeza mbele ya bantu bote: "Huyu hakuunganisha hata kipande moja."

Muke wa kapita akanigeukia polepole, na kitambaa yake ya mupya mu kichwa.

"Pole, mama. Kichwa ya Riziki itabeba kuni. Na kuni pia tunazihitaji."

"Na ya Anjelina itabeba nini? Chawa?"

Bantu bakacheka, lakini ile kicheko haikunishibisha. Nilirudi nyumbani. Nilitamani Anjelina apatwe na surua, Mungu anisamehe, surua kidogo tu.

Nikamukalisha Riziki.

"Kwa nini hukuunganisha?"

"Niliunganisha, Koko. Ilikuwa ngombe. Nilimaliza wa kwanza."

Ngombe! Hajaona hata moja na macho yake, huku ni pori tupu. Anazijua kwa hadisi zangu za kwetu.

"Sasa ngombe ilienda wapi?"

"Niliibomoa, nikarudisha vipande mu kitunga vile nilivikuta. Havikuwa vyetu."

Vumilia! Mimi njo nilimufundisha! Ukiazima shoka ya jirani, uirudishe imepanguswa. Ukikalia kiti ya wenyewe, ukiinuka uirudishe palepale. Tangu anaanza kutembea namwambia ile. Sasa Madamu alikuwa anaangalia batoto wengine. Kugeuka, anaona kitunga imejaa na mutoto amefunga mikono. Akaandika sufuri. Anjelina yeye aliacha ngombe yake mezani, akatoka bila hata asante. Akashinda.

Nikaenda kwa Madamu vile nilikuwa, na udongo mu miguu. Karani akatafsiri. Madamu akasikiliza yote, akatazama chini, uso ikakuwa nyekundu. Akasema majina ya hapa yameisha kutumwa, hawezi kuyagusa. Lakini kisha mwezi moja atapima batoto wa Mweso. Riziki akifika kule, atamukalisha tena.

"Kule atakaa kwa nani?" karani akaniuliza.

Nilijua ni kwa nani. Kutoka kwako Kirolirwe mpaka Mweso si mbali kama kutoka huku.

Acha niseme yote. Tulipokuwa batoto, mama alikuwa anakupa wewe chungu ulambe. Ukaolewa kwa bantu ya ngombe. Mimi nikaolewa na muntu ya chepeo, wa kazi ya kampuni, akanileta mu hii mvua isiyokauka. Siku ya ndoa yako ukaazima kibuyu yangu ya kusukia maziwa. Ulisema "kesho tu." Mpaka leo. Na sasa nikupatie na mutoto? Utamupa maziwa kila asubuhi. Utamuonyesha ngombe ya kweli, ya kupumua, na zangu za hadisi zitakuwa kitu gani? Wiki mbili tu, utasikia anakuita Koko. Nikiwaza ile, ni kama muntu anatwanga majani ya sombe mu kifua yangu.

Lakini nikimuficha hapa juu ya wivu, zile kuni nitakuwa nimemubebesha mimi mwenyewe.

Basi njo huyu mbele yako, ameshika hii barua. Yosefu amemufikisha, atarudi kazini. Mupe maziwa ya leo, si ya jana. Mufunike, hajazoea baridi ya kwenu. Maharagi ya kuungua hapendi, lakini atakula bila kusema. Nimemwambia: kwa Madamu tu, ukimaliza, acha kitu vile iko mpaka yeye aione. Akaniuliza, "Hata kama ni yake?" Nikajibu, "Hata kama." Iliniuma kusema vile. Kwako arudishe kila kitu, usimuharibie.

Tena akuite Koko Mudogo. Najua na wewe uko Koko. Lakini mudogo.

Nisalimie bwana yako, na ile tumbako yake. Nisalimie kaka yetu Petro aliyebaki na shamba ya baba, mwambie asikate miti ya mupaka. Nisalimie mukamwana wako. Kama amezaa, mumubusu mutoto kwa niaba yangu.

Riziki akishinda, masista watamuchukua, lakini wakati wa konji, shule ikifungwa, atakuja kwangu. Akishindwa, atakuja kwangu vilevile.

Ile kibuyu, kaa nayo. Mutoto, unirudishie vile umemukuta.

Mimi mukubwa wako Sifa,
Koko ya Riziki