Kwa Yaya Hubert, Msaga Sakafu wa Kawale

Mwaka umetimia leo, tarehe 9 Julai 2003, tangu utuache, yaya Hubert, kaka yangu mkubwa, na mi mdogo wako Valentin nasema mbele ya watu wote wa kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka: amri zako za vumbi nilizishika zote. Hata moja sikuivunja.

Nani hakuzijua? Ulizihubiri kuliko pasta. Kule Uvira, kabla vita havijatutoa, ulisaga sakafu za zege miaka sita, kavukavu, ukirudi nyumbani mweupe kama uliyeanguka kwenye unga. Kikohozi kikakufuata mpaka Malawi. Kwa hiyo ulipopata kazi Lilongwe, kwenye maghala ya Kawale, ukawa mtu wa masharti. Mashine ya kusaga haiwashwi kabla bomba la kufyonza vumbi halijafungwa. Sketi ya mpira inayoizunguka lazima iguse chini pande zote.

"Yaya, mashine yako inavaa sketi ndefu kushinda badada ba kwaya," nilikutania, ukacheka mpaka ukakohoa.

Ufagio mkavu ulikuwa marufuku, maji kwanza. Mfuko wa vumbi ulifungwa mdomo kabla ya kutolewa, tena polepole. Nguo za kazi zilibaki kazini.

"Unaogopa vumbi kama polisi!"

"Polisi unamupa kitu, anakuacha," ulijibu. "Hii haiachi."

Tunakukumbuka Jumamosi, ukishuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, na mkate wa mjini, ukimpa Mama kabla hujakaa. Hata maji ya kunawia hukuyamwaga hovyo. Uliyanyunyiza mbele ya mlango wa jirani mwenye mtoto mchanga, vumbi litulie.

Ulipozidiwa, daktari alituambia mapafu yako yalikuwa na makovu ya zamani, na kwamba vumbi jipya la zege ndilo lililokumaliza upesi. Hapo watu wakatafuta wa kumbebesha lawama. Vumbi jipya litoke wapi, na we ulijilinda hivyo kazini? Wakamwona mke wako Jeannette na ufagio wake wa asubuhi. Mwaka mzima anakaa kanisani benchi la nyuma, peke yake. "Njo ule alifagilia bwana yake vumbi," banasema, bila hata kushusha sauti. Tangu matanga, Mama hagusi nsima, ugali wa huku, iliyopikwa na mkono wake.

Basi majivuno yangu ya hapo juu ni uongo, yaya.

Ulinipa kazi ya kubeba ile mifuko ya vumbi mpaka shimo la taka. Mi nikaiangalia: kijivu, laini, simenti kabisa! Dzaleka nani ana simenti? Wote tunalala juu ya udongo. Nikataka kukushangaza. Nikaficha mifuko mitatu, nikapanda nayo basi, na kutoka barabara kubwa Bukeyeneza, yule Mrundi wa kabaza, akaibeba kwa baiskeli yake. We ukiwa kazini, nikachanganya na udongo, nikakutandikia chumba.

Haikushika. Zege iliyokwisha kusagwa hairudi kuwa simenti. Baada ya wiki mbili ikaanza kumomonyoka, kila hatua ikirusha wingu. Ulilala juu yake miezi mitatu. Jeannette alikuwa anafagia vumbi langu.

"Vale, simenti hii umeitoa wapi?" uliniuliza.

"Iko zawadi ya kanisa, yaya."

We fundi mzima, ukaniamini. Ukaniwekea mkono kichwani, ukaniombea baraka.

Nilikuwa nimemaliza karatasi hii kwa neno moja: sikujua. Jana mchana nikamsomea Mama uani. Jeannette alikuwa anachambua maharagwe, na Bukeyeneza ameleta kuni. Nilipofika kwenye "sikujua", Bukeyeneza akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Vale, ulijua."

"We wa baiskeli, unajua nini?"

"Siku ile niliingiza mifuko mpaka ndani. Ukaniambia nitoke mbio. Ukalowesha kitambaa, ukakifunga puani, mara mbili, njo ukafungua mfuko wa kwanza. Nikakuuliza, ile kitambaa ni ya nini? Ukasema, 'Hii kitu haifai kuingia ndani ya mutu.'"

Mama akahamisha kigoda chake, akakaa karibu na Jeannette.

Jeannette hakuinua kichwa. "Andika na hiyo," alisema.

Nimeiandika, yaya.

Hutatutoka moyoni hata siku moja: mama yako Eugénie; mke wako Jeannette; watoto wako Divin na Arlène; Bukeyeneza, aliyeona; na mi mdogo wako, Valentin, niliyejua.