Mahindi Yangu, Jina Lako

Mama Chebet,

Simu yako haishiki, basi dereva wa maziwa atakuletea hii kadi. Eldoret kunanyesha na mahindi bado iko kwa lori. Mnunuzi ako na blockchain, mashine ya ajabu inajua kila gunia imetoka kwa nani. Karani wake akaskani stika ya gunia: "Mzee, mkulima hapa ni Mama Chebet. Bila yeye hatupokei."

Mimi, mkulima mwenye Moiben nzima inamjua!

"Futa," nikamwambia.

"Haifutiki, Mzee. Hata mkubwa wangu hawezi."

Akili nyingi kweli! Siku ya kuandikisha wakulima nilikutuma wewe, kwa sababu mtu kama mimi hapangi laini. Sasa kuja kesho na kitambulisho, mahindi isiote. Vaa sweta ile nzito. Majirani wakiuliza, sema nimekualika kutembea.

Baba Chebet